Bwana Lindner hajanitoka kichwani

Jana usiku nimeitazama A Raisin in the Sun jukwaani kwa mara ya kwanza. Jamani.

Ni tamthilia ya Lorraine Hansberry. Ilifika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, mwaka 1959, ya kwanza pale kuandikwa na mwanamke Mweusi. Familia ya Younger, Wamarekani Weusi, imebanana kwenye nyumba ndogo kusini mwa Chicago, hata choo wanachangia na majirani. Baba amefariki, hundi ya bima ya dola 10,000 inasubiriwa, na kila mtu ana lake: Walter anataka duka la pombe, dada yake Beneatha anataka kusomea udaktari, Mama anataka nyumba.

Mama akalipa arubuni ya nyumba, mtaa wa Wazungu. Ndipo bwana Lindner, mjumbe wa wakazi wa kule, anapobisha hodi. Hatukani mtu. Kofia mkononi, sauti ya upole kabisa, anawaeleza kwamba wakazi hao wako tayari kuwalipa ili wasihamie. Ukumbi mzima kimya! Nilijikuta nimekunja ngumi. Ule upole uliniumiza kuliko tusi lolote.

Na Hansberry hakulitoa hewani. Mwaka 1937 babake alinunua nyumba kwenye mtaa wa namna hiyo, hukohuko Chicago, na kesi ya kumzuia kuishi humo ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1940. Lorraine alikuwa bado mtoto.

Ikionyeshwa karibu nawe, nenda. Mchukue na mama yako, kisha muulize angefanya nini na hizo pesa.