Kupiga picha za ndege za kivita za zamani angani: kasi ya shata naichagua kwa propela

Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, ikipigwa shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) ikifunguka kwa 1/2000 ya sekunde, inaonekana kama injini imezima angani. Mapanga ya propela yamesimama, unaweza kuyahesabu moja moja, na ndege iliyorejeshwa kwa miaka ya kazi ya mafundi inabaki kama ya plastiki iliyoning'inizwa kwa uzi. Ndiyo maana kwenye maonyesho ya ndege hizi kasi ya shata naichagua kwa kufikiria propela inazunguka vipi, halafu mkono wangu ndio unabeba kazi ya kuifuata ndege.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Injini ya Merlin, iliyo kwenye Spitfire nyingi, haizungushi propela moja kwa moja. Katikati kuna gia ya kupunguza mzunguko, na kwenye Spitfire nyingi za toleo la tisa, Mk IX, uwiano wake ni 0.477: injini ikizunguka mara moja, propela inazunguka mara 0.477. Tuseme injini iko kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika: propela inafanya kama 1,145, yaani 19 kwa sekunde. Ndani ya 1/500 panga linasogea nyuzi 14 tu kati ya 360 za duara, na jicho halioni mwendo wowote hapo. Kwa 1/250 ni nyuzi 27, kwa 1/125 ni 55. Mk IX ina mapanga manne yaliyoachana kwa nyuzi 90, hivyo ukishuka hadi 1/80 nafasi zote zinakaribia kujaa na unapata duara zima. Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, ina mapanga matatu. Duara lake linataka karibu 1/60. Spitfire za injini ya Griffon zenye mapanga matano zinajaza duara mapema zaidi, kwenye 1/90 hivi.

Sehemu kubwa ya siku nakaa kwenye 1/125. Duara zima ni zuri, lakini huhitaji duara zima ili picha iwe hai, na kila hatua unayoshuka inakugharimu picha nyingi.

Ndege ikiwa ardhini, injini ikinguruma polepole, shusha zaidi. Merlin ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, propela inazunguka mara sita na kidogo kwa sekunde. 1/125 hapo inampa panga nyuzi 18 tu, na wengi wanashangaa kwa nini propela imeganda wakati waliisikia inazunguka. Tumia 1/30. Na uwe tayari kabla injini haijawashwa, hasa zile za silinda zilizopangwa kwa duara kama za B-17, ndege ya mabomu ya Marekani: oili huwa imetuama kwenye silinda za chini, ikiwaka inatoka moshi mzito kwa sekunde chache, basi.

Sasa mkono. Ndege inayopita kwa kilomita 370 kwa saa, mita 200 kutoka ulipo, inasogea sentimita 82 ndani ya 1/125. Usipoifuata kwa kasi yake hasa, huna picha. Simama nyayo zikielekea pale ndege itakapokuwa karibu zaidi nawe, kisha geuza kiuno kurudi nyuma uipokee ikiwa bado mbali. Ukiielekeza miguu pale inapotokea, mwili unakaza katikati ya mpito na kamera inasita wakati ule ule unaoutaka. Viwiko vibane mbavuni, anza kuifuata mapema, piga mfululizo mfupi, na endelea kufuata hata baada ya kuachia kitufe. Kitulizaji cha lenzi kiweke kwenye hali ya kufuatisha, ile inayotuliza mtikisiko wa juu na chini tu. Hali ya kawaida inaweza kupigana na mwendo wako.

Pua ikitoka kali na mkia ukawa na ukungu, usiilaumu lenzi. Ndege inapokuja kwa mshazari au inapogeuka, pua na mkia haviko umbali mmoja nawe, kwa hiyo vinasogea kwa kasi tofauti kwenye fremu, na huwezi kuvifuata vyote viwili. Lancaster, ndege ya mabomu yenye urefu wa mita 21, inaonyesha kasoro hii kuliko Spitfire yenye mita tisa. Kwenye mipito ya kugeuka napanda hadi 1/250 na naridhika na nyuzi 27.

Mwanga ndio unaokwamisha watu mchana. Jua likiwa kali, ISO 100 (wepesi mdogo wa sensa kwa mwanga) na 1/125 vinakusukuma hadi f/14, yaani tundu la lenzi linabanwa sana, na 1/60 hadi f/20. Hapo ukali wa picha unashuka wenyewe, na kila vumbi lililo kwenye sensa linaonekana kama doa jeusi kwenye anga. Funga filta ya kupunguza mwanga, ND4, inayokata stopu mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga): unarudi f/7.1 kwa 1/125. Filta ya polaraiza nayo inakata mwanga, ila kwenye vifuniko vya plastiki vya chumba cha rubani inaweza kuleta rangi za upinde wa mvua, kwa hiyo mimi siifungi. Mawingu meupe yakitanda, ongeza mwangaza kwa stopu moja hadi moja na theluthi mbili, la sivyo tumbo la ndege litakuwa jeusi tii.

Kamera nyingi za sasa zisizo na kioo ndani (mirrorless) zina shata ya kielektroniki isiyo na sauti. Izime. Inasoma sensa mstari kwa mstari, na wakati inasoma propela imeshasogea, ndipo mapanga yanapotoka yamepinda kama ndizi. Tumia shata ya mekanika, isipokuwa sensa yako inasomwa kwa kasi kubwa sana.

Kuhusu urefu wa lenzi, kwenye kamera ya fremu kamili, yenye sensa ya upana wa milimita 36, lenzi ya milimita 400 kwa umbali wa mita 200 inakupa upana wa mita 18: Spitfire inachukua nusu. Milimita 600 inakupa mita 12. Nchini Uingereza, baada ya ndege ya jeti Hawker Hunter kuanguka kwenye maonyesho ya Shoreham tarehe 22 Agosti 2015 na kuua watu 11, umbali kati ya ndege na watazamaji uliongezwa, basi lenzi ya milimita 300 iliyotosha zamani mara nyingi haitoshi. Lenzi ndefu hata hivyo haiondoi mawimbi ya joto juu ya lami. Yakichezacheza, subiri ndege ipande.

Kwenye uwanja wa Duxford, Uingereza, watazamaji wanakaa kaskazini mwa njia ya kurukia, kwa hiyo adhuhuri unapiga ukilitazama jua. Nangoja rubani alaze ndege na kutuonyesha mgongo wake, au baada ya saa 11 jioni, jua likishahamia magharibi. Kwenye uwanja wa Old Warden, wenye mkusanyiko wa ndege za zamani wa Shuttleworth, ndege huizunguka kona ya uwanja na mgongo unauona bila kuungoja. Hapo ndipo pa ndege za Vita Kuu ya Kwanza kama Sopwith Pup, ambazo injini nzima inazunguka pamoja na propela, kama mizunguko 1,200 kwa dakika bila gia yoyote. Zina mapanga mawili tu, hivyo 1/60 inakupa nyuzi 120, na kwa vile zinaruka polepole, 1/60 hiyo inashikika. Huzirusha jioni upepo ukitulia, na mwanga hafifu wa saa hizo unakuondolea haja ya filta.

Ndege za jeti hazina propela. Kwa hizo 1/1000 na kuendelea. Hifadhi mipangilio hiyo kwenye kitufe chake cha kumbukumbu na ile ya 1/125 kwenye kingine, kwa sababu jeti ikiingia mara tu ndege ya propela kama Mustang inapotoka, hakuna muda wa kuzungusha magurudumu ya kamera.