Kupima kasi ya kutu pwani ya Paje, Zanzibar: nilivyofanya

Ukitaka kujua hewa ya bahari inakula chuma kiasi gani, njia ninayoiamini ni ya mizani: pima bamba, litundike nje mwaka mzima, litoe kutu, pima tena. Ugumu wote uko kwenye kutoa kutu.

Nilikata mabamba ya chuma chenye kaboni kidogo, milimita 100 kwa 150, unene milimita 1, yote kutoka shiti moja. Bamba hilo lina gramu 118 hivi. La milimita 2 hupita gramu 230, na mizani nyingi zinazosoma miligramu 0.1 hukomea gramu 200 au 220, kwa hiyo itazame mizani yako kabla hujakata. Gonga namba, piga msasa, futa kwa asetoni, na baada ya hapo usilishike bila glavu. Wakati wa kupima zima feni.

Fremu niliiweka ya mbao, mlalo wa nyuzi 45, uso ukitazama bahari, na bolti za nailoni. Bamba lisiguse bati wala msumari wenye zinki, maana zinki itakubali kuliwa badala ya chuma na matokeo yatatoka madogo kuliko kweli. Mwaka uwe kamili. Anayepima miezi ya kusi peke yake amepima kusi, hajaipima Paje. Chumvi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, hivyo chuma hulowa hata bila mvua. Na upande wa chini, ambao mvua haiuoshi, mara nyingi ndio unaobeba kutu nene.

Sasa kusafisha. Mimina taratibu mililita 500 za asidi ya haidrokloriki kali ndani ya maji yaliyotoneshwa, tia gramu 3.5 za heksamini, ongeza maji mpaka lita 1. Heksamini inaizuia asidi isishambulie chuma kizima. Loweka dakika 10 kwenye nyuzi joto 20 hadi 25. Maabara isiyo na kiyoyozi huku kwetu hufika 30 bila taabu, na hapo asidi inakula kupita kiasi, kwa hiyo chombo nilikiweka ndani ya beseni la maji ya barafu na kipimajoto humo humo. Sugua kwa brashi ya nailoni, suuza, kausha, pima, rudia. Mwanzo uzito hushuka kwa kishindo, hiyo ni kutu. Baadaye hushuka kidogo kidogo kwa kiasi kilekile, hicho ni chuma. Chora grafu ya uzito uliopotea kwa kila mara uliyosafisha: pale mistari miwili, wa kutu na wa chuma, inapokutana ndipo penye jibu lako. Anayechukua uzito wa mwisho tu anaisingizia bahari kazi ya asidi. Safisha vilevile bamba jipya lisilotoka nje, upate kujua asidi peke yake inakula kiasi gani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Eneo la bamba, pamoja na kingo, ni sentimita mraba 305. Densiti ya chuma ni gramu 7.85 kwa sentimita ya ujazo. Tuseme limepotea gramu 24 kwa mwaka: 24 gawanya kwa 305, kisha kwa 7.85, unapata sentimita 0.01, yaani mikromita 100 kila upande. Kwa ISO 9223, kiwango cha kimataifa kinachopanga ukali wa hewa kwa metali, mikromita 80 hadi 200 kwa mwaka wa kwanza ni daraja la C5, yaani ukali mkubwa sana. Ikipita 200 ni CX, ukali wa kupindukia.

Asidi iliyotumika izimwe kwa chokaa kwanza, isimwagwe sinki ikiwa kali.