Bomba jipya la hewa na kompyuta iliyopotea hesabu

Nilipofunga bomba jipya la kuvuta hewa kwenye Subaru Impreza WRX STI yangu ya mwaka 2006, kazi ya spana iliisha kabla ya chai ya saa nne, lakini kuisahihisha kompyuta ya injini kulinichukua wiki mbili. Aliyeniuzia bomba hilo alinihakikishia kwamba kompyuta itajizoesha yenyewe, kauli ambayo ina ukweli kwa mwendo wa pole tu.

Katika gari hili sensa ya hewa hukaa ndani ya njia hiyo hiyo ya hewa, nayo haipimi hewa yote inayopita. Huhisi jinsi waya wake wa moto unavyopozwa, kisha kompyuta hukadiria jumla kwa jedwali lililoandaliwa kiwandani kwa bomba la upana maalumu. Bomba la milimita 70 likibadilishwa kwa la milimita 76, eneo la ndani huongezeka kwa takriban asilimia 18, kasi ya hewa mbele ya sensa hupungua kwa asilimia 15 hivi, na kompyuta huamini kuwa hewa imepungua ilhali ni ile ile.

Katika mwendo wa kawaida, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hulibaini kosa hilo na kompyuta huongeza petroli. Kwangu nyongeza ilifika asilimia 14, na injini ikawa inayumba kila niliposimama kwenye foleni. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta huacha kuifuata sensa hiyo na kutegemea jedwali pamoja na masahihisho iliyojifunza, ambayo si lazima yalingane na mkondo mkubwa wa hewa. Pasipo masahihisho ya kutosha, mchanganyiko uliokusudiwa kuwa sehemu 11.2 za hewa kwa moja ya petroli husogea kuelekea 13.2. Baya zaidi, kompyuta inayodhani kuwa mzigo ni mdogo huchagua pia cheche ya mapema zaidi, na injini ya turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ikianza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, pistoni hazidumu. Gari langu, tena, liliundwa kwa petroli ya Japani ya okteni (kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kugonga) takriban 100, ambayo siipati katika vituo ninavyojazia Nairobi.

Kabla ya kugusa namba yoyote, tulipuliza moshi ndani ya mabomba, tukakuta kibano kimoja kimelegea baada ya turbo. (Ningerekebisha jedwali kabla ya hapo, ningekuwa nimeingiza kosa la uvujaji ndani ya jedwali.) Kisha nilirekodi volti za sensa katika mwendo thabiti na kuzidisha kila sehemu ya jedwali kwa kosa lake: palipohitaji nyongeza ya asilimia 14, nikazidisha kwa 1.14. Baada ya raundi tatu, kosa lilibaki chini ya asilimia 3. Sehemu ya juu ya jedwali, ya mkondo mkubwa wa hewa, tuliipima kwenye mashine ya rola (gari hukimbia papo hapo magurudumu yakizungusha rola), tukitumia sensa ya oksijeni ya masafa mapana, inayosoma uwiano halisi wa hewa na petroli, kwa petroli ninayonunua kila siku. Cheche na shinikizo la turbo vilisubiri hadi mwisho.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo nilipoteremka Mombasa, pwani ambako hewa ni nzito zaidi, nilibeba kompyuta ndogo na kurekodi upya. Volti zilipanda kupita zote nilizowahi kuziona nyumbani, na mistari miwili ya juu ya jedwali ilihitaji kuguswa tena.