Ukiongoza igizo, mwangalie asiyeongea

Tangu nianze kuongoza maigizo na kikundi chetu hapa Dodoma kuna jambo moja nalihubiri kila mazoezi mpaka wenzangu wamelikariri kuliko skripti, kwamba ukitaka kujua kama sehemu inaenda vizuri usimwangalie anayeongea, mwangalie anayeambiwa. Anayeongea ana maneno yake, yatambeba tu. Yule mwingine ndo kasheshe, maana wengi akimaliza laini yake anazima kabisa, anasubiri zamu nyingine kama yuko foleni benki.

Kikundi chetu ni cha kujitolea, hakuna anayelipwa. Kuna fundi cherehani, kuna dereva boda, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wawili watatu, alafu kuna watumishi waliohamia huku na serikali kutoka Dar, hao wanakuja na mashati yao ya ofisini moja kwa moja. Tunakutana jioni kwenye ukumbi wa kuazima. Wanaoijua Dodoma wanajua miezi ya saba na ya nane upepo wake ulivyo, mabati yanagonga utadhani kuna watu juu ya paa, na kwangu ule upepo umekuwa msaada mkubwa kweli, kwa sababu nikiwakataza kupaza sauti inabidi mtu amsogelee mwenzake ili amsikie, na akisogea kwa kutaka kusikia mwili wake unakaa vizuri wenyewe, sina haja ya kumwambia mkono weka wapi.

Sasa kwa nini watu wetu wanaigiza kwa kuangalia watazamaji muda wote? Mi nadhani ni ngonjera. Na ngonjera ni mali yetu kabisa watu wa huku, Mathias Mnyampala anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Mgogo wa hapa hapa Dodoma, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 zikatumika sana mashuleni kufundishia siasa ya ujamaa. Karibu kila aliyesoma Tanzania amewahi kusimama kwenye mstari, kifua kwa mgeni rasmi, ubeti wako ukifika mkono unapanda, ukiisha unashuka. Kwenye ngonjera ni sawa kabisa, maana wale wanabishana mbele ya watu na watu ndo waamuzi. Ila ukiupeleka mwili ule ule kwenye igizo la mume na mke wanaogombana jikoni unapata watu wawili wanaoulalamikia ukumbi, kila mtu na lake, wala hawajaonana.

Dawa ninayoitumia ni kuhama kiti. Leo nakaa kushoto, kesho nyuma yao, siku nyingine katikati kabisa ya jukwaa, wasijue mbele ni wapi. Wakishazoea kuongea wao kwa wao ndo naanza kupanga nani aegemee wapi ili watazamaji waone nyuso. Alafu kuna lile swali ambalo waongozaji wengi duniani wamelichukua kwa Stanislavski, yule Mrusi aliyeshiriki kuanzisha teatri ya sanaa ya Moscow mwaka 1898: unataka nini kwake? Mwigizaji akinijibu "nimekasirika" namwambia bado hujajibu, hasira peke yake haichezeki, utaishia kukunja uso tu. Akisema "nataka anipe funguo" hapo tumefika, maana sasa ana kazi ya kufanya na mwenzake ana kitu cha kukatalia.

Igizo letu la mwisho liliandikwa na mwenzetu kikundini, kijana anataka kuuza shamba la zabibu la marehemu baba yake wakate viwanja, na ndivyo mji wetu unavyokwenda siku hizi, kila upande ni vigingi vya mawe. Mama yake amekaa anapepeta uwele. Mama anayecheza nafasi hiyo akaniuliza, "Mwanangu, hapa huyu anaongea ukurasa mzima mimi sina hata neno moja, sasa nifanye nini?" Nikamwambia mama wewe pepeta tu, ila msikilize kila anachosema. Tukamletea ungo na uwele wa kweli. Kijana akaanza maelezo yake, bei, dalali, majirani walivyouza, na sauti ya ungo inaenda tu, sha, sha, sha. Alipofika kwenye "advansi nimeshachukua" ungo ukasimama. Hakuna aliyempangia. Yule kijana naye akasita, akamwangalia, kwa mara ya kwanza akaona anamwambia nani, na laini iliyofuata ikatoka kwa shida, imekatika katikati. Alafu ungo ukaanza tena, haraka kuliko mwanzo, mpaka uwele mwingine ukamwagika chini. Ukumbi mzima kimya, hata yule aliyekuwa mlangoni na simu aliishusha.

Ndo maana sasa hivi tunafanya mazoezi na Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, ile aliyoitafsiri kutoka kwa Shakespeare ikatoka mara ya kwanza mwaka 1963. Tumechukua sehemu ya mazishi peke yake. Kila mtu anataka kuwa Antoni, rafiki wa Kaizari, kwa sababu ya ile hotuba yake mbele ya maiti, na nawaelewa, lakini mi kazi yangu kubwa naiona kwa wananchi wanaomsikiliza. Wale Antoni anawakuta wakiwa upande wa Bruto, mmoja wa waliomuua Kaizari, wanatoka wakiwa tayari kuchoma nyumba za watu, na muda si mrefu watamuua mshairi wa watu asiye na kosa kisa jina lake linafanana na la mmoja wa waliomuua Kaizari. Hayo mabadiliko yanatokea masikioni mwao. Kwa hiyo kila mwananchi nimempa kazi na shida yake, huyu muuza samaki Kaizari alimsamehe kodi, huyu mwanae alifia vitani, na kila mmoja anichagulie neno moja la Antoni linalomgeuza, asiwageukie wengine kuangalia wamegeuka lini.

Tunaendelea Jumamosi jioni. Antoni tunaye tayari, ila wananchi bado hawatoshi, kwa hiyo mnaoniandikiaga kwamba mnapenda maigizo ila hamuwezi kuongea mbele za watu, njooni, nafasi zenu ndo hizo.