Kutoka simu ya 911 hadi maji ya kwanza: zimamoto wa kujitolea katika Kaunti ya Montgomery, Maryland

Watanzania na Wakenya wengi tunaoishi Silver Spring, Wheaton na Gaithersburg hupita kila siku mbele ya vituo vya zimamoto bila kujua kwamba vingi kati ya vituo hivyo ni mali ya vyama vya wananchi. Kaunti ya Montgomery, iliyopakana na jiji la Washington kwa upande wa kaskazini, ilihesabiwa kuwa na wakazi 1,062,061 katika sensa ya mwaka 2020. Ulinzi wao dhidi ya moto hubebwa kwa pamoja na waajiriwa wa kaunti na wanachama wa vyama 19 vya zimamoto na uokoaji, ambao hawalipwi mshahara. Chama cha Takoma Park kilianzishwa mwaka 1894. Kwa nchi nzima, hesabu za mwaka 2020 zilionyesha wazimamoto wapatao 1,041,200, na kati yao 676,900 walikuwa watu wa kujitolea.

Mimi ni mmoja wao katika kituo kimojawapo cha kaunti hii, na ninaandika kwa sababu maswali ninayoulizwa na ndugu zetu, kanisani na kwenye misiba, yananionyesha kwamba tunaishi ndani ya mfumo huu bila kuujua. Huulizwa kama watu wa kujitolea wanaruhusiwa kweli kuingia ndani ya nyumba inayoungua, kama anayepiga simu ataulizwa karatasi zake za uhamiaji, na kama gari la wagonjwa litafuatiwa na bili ya kumfilisi mtu.

Kwetu Tanzania kazi hii ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na linalopatikana kwa namba 114, na mwananchi wa kawaida huingia pale tu janga linapomkuta alipo. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, wananchi walikuwa miongoni mwa waliofukua kifusi kwa mikono ili kuwatoa walionaswa. Ujasiri huo ninauheshimu kwa moyo wangu wote. Nilichokikuta Maryland ni wananchi wa namna ileile waliopewa mafunzo, vifaa na nafasi maalumu katika msururu wa amri kabla ya siku ya janga kufika, na ninaamini kwamba maandalizi hayo ndiyo yanayobeba mfumo mzima. Nia njema humfikisha mtu mlangoni pa kituo. Kinachomruhusu kupanda gari ni masomo aliyoyafaulu.

Simu ya 911 inayopigwa ndani ya kaunti hupokelewa katika kituo kimoja cha mawasiliano ya dharura, na jambo la kwanza analolitaka mpokea simu ni mahali, hata kabla hajajua kinachoungua ni nini. Simu ikikatika baada ya kutaja anwani, magari yatatumwa. Ikikatika baada ya kueleza moto wote lakini anwani haijatajwa, hakuna pa kuyatuma. Simu ya mkononi hutoa makadirio ya mahali ulipo, lakini makadirio hayo hayamwambii mtu uko ghorofa ya ngapi wala nyuma ya mlango upi. Kwa sisi tunaopanga katika majengo yaliyofanana kila upande, namba ya jengo na namba ya nyumba ndizo zinazoamua kama waokoaji watakufikia moja kwa moja au watazunguka kwenye maegesho wakikutafuta.

Baada ya anwani huja maswali mengine, na hapo wengi wetu hukasirika, tukidhani tunahojiwa badala ya kusaidiwa. Ukweli ni kwamba gari huwa limekwisha kutumwa au linatumwa wakati huohuo, kwa sababu anayeuliza na anayeita vituo kwa redio ni watu wawili tofauti wanaosoma taarifa ileile kwenye kompyuta. Kila jibu unaloongeza huwafikia waliomo njiani. Maswali yenyewe yamepangwa kwa utaratibu maalumu, utamaduni ulioanzishwa na daktari Jeff Clawson huko Salt Lake City mwishoni mwa miaka ya 1970, na lengo lake ni kumwezesha mpokea simu kutambua uzito wa tukio na kumwelekeza aliyepo. Mtu akianguka na moyo wake ukasimama, mpokea simu atakufundisha palepale namna ya kumkandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na atahesabu pamoja nawe mpaka wenzetu wafike. Hakuna swali hata moja linalohusu hali ya uhamiaji ya mtu. Kama Kiingereza kinakukimbia kwa hofu, tamka tu neno "Swahili" na usikate simu, kwa maana wakalimani huunganishwa kwa njia ya simu na lugha yetu ni mojawapo ya zinazohudumiwa.

Kuhusu bili, nalo nilieleze wazi. Kaunti hii hudai malipo ya kubebwa hospitali kutoka kwa kampuni ya bima, lakini mkazi wa kaunti hatozwi kutoka mfukoni mwake, awe na bima au asiwe nayo. Inaniuma sana kusikia kwamba mzee wetu alibanwa na kifua usiku kucha akasubiri mtoto wake atoke kazini ampeleke kwa gari la nyumbani, kwa sababu ya hofu ya deni ambalo halikuwapo.

Kaunti imegawanywa katika maeneo madogo yenye namba, na kwa kila eneo imekwisha kuamuliwa ni vituo vipi vitakwenda kwanza. Wazo hili lilianza Boston mwaka 1852, pale jiji lilipoweka masanduku ya telegrafu mitaani yenye namba, na namba peke yake ikatosha kuwaambia wazimamoto waende wapi. Siku hizi kompyuta hufanya hesabu hiyo. Kwa nyumba inayoungua, Montgomery kwa kawaida hutuma magari matano ya pampu, magari mawili ya ngazi, gari moja la uokoaji, gari la wagonjwa na makamanda wawili. Mpaka wa kaunti hauzuii lolote: moto ukitokea Takoma Park au Langley Park, magari ya Montgomery na ya kaunti jirani ya Prince George's huchanganyika. Ili kusiwe na mkanganyiko kwenye redio, namba za magari ya Montgomery huanza na 7 na za Prince George's huanza na 8, hivyo kamanda akisikia 701 anajua mara moja kwamba ni gari la kituo cha kwanza cha Montgomery.

Mtu anayeshuhudia magari mengi namna hiyo kwa nyumba moja hudhani ni ufujaji. Naomba afikirie maji. Gari la pampu hubeba tangi la takriban lita 1,900. Mpira mmoja wa kushambulia moto hutoa karibu lita 570 kwa dakika, maana yake tangi hilo litakwisha katika muda wa dakika tatu hivi. Gari la kwanza linapofika husimama mbele ya nyumba na wafanyakazi wake huingia na mpira kwa kutegemea tangi hilo hilo, huku gari la pili likiwa na jukumu moja zito kuliko yote, nalo ni kuunganisha mpira mnene kutoka kwenye haidranti iliyo karibu, yaani bomba la maji la zimamoto lililo kando ya barabara, na kulilisha gari la kwanza kabla tangi halijakauka. Gari la tatu huenda upande wa nyuma wa nyumba, la nne hulitafutia la tatu maji yake, na la tano huweka kikosi kinachosimama tayari kwa kazi moja tu: kumwokoa mzimamoto aliyepotea au kufukiwa ndani. Kila mmoja anajua zamu yake kabla ya kutoka kituoni, na ndiyo maana hakuna mabishano barabarani.

Magari ya ngazi ni jambo jingine. Ngazi yake kuu hufika urefu wa mita 30 hivi, lakini thamani yake kubwa naiona katika watu wake, ambao kazi yao ni kuvunja milango, kutafuta waliobaki vyumbani, kusimamisha ngazi za mkono kwenye madirisha na kufungua njia ya moshi kutoka. Kufungua huko hufanywa kwa kuwasiliana na wenye mpira, kwa maana dirisha likivunjwa kabla ya maji kuwa tayari, hewa mpya hulisha moto na chumba kizima huweza kulipuka kwa pamoja.

Magharibi na kaskazini mwa kaunti hali inabadilika kabisa. Huko Poolesville, Beallsville na Barnesville, ndani ya eneo la kilimo lililowekewa ulinzi tangu mwaka 1980, kuna mashamba na nyumba zilizotawanyika ambako haidranti ni chache au hazipo. Huko ndiko maboza ya maji yanakofanya kazi, kila moja likibeba maelfu ya lita. Bwawa la turubai hutandikwa barabarani, boza hulijaza na kuondoka kufuata maji mengine, na gari la pampu hufyonza kutoka bwawani. Ukosefu wa boza moja tu katika mzunguko huo huweza kumwacha mtu aliye ndani ya nyumba na mpira mtupu, na kwa sababu hiyo mazoezi ya maboza hurudiwa mara kwa mara kwa subira kubwa.

Haraka yote hii ina sababu. Majaribio ya UL, taasisi ya Marekani inayopima usalama, yaliyolinganisha sebule yenye samani za zamani na sebule yenye samani za leo yalionyesha kwamba ile ya leo, iliyojaa sponji na plastiki, huwaka yote kwa pamoja chini ya dakika tano, wakati ile ya zamani ilihitaji takriban dakika 29. Mlango wa chumba ukifungwa, moto na moshi hucheleweshwa kwa kiasi kinachoweza kuokoa uhai. Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu walale milango ya vyumba ikiwa imefungwa, na wakikimbia wafunge mlango nyuma yao.

Nataja pia gesi, kwa sababu ya tarehe 10 Agosti 2016. Usiku ule jengo la Flower Branch, katika mtaa wa wahamiaji hapa Silver Spring, lililipuka na watu saba wakafa. Wachunguzi wa serikali kuu walihitimisha kwamba gesi ilivuja kutoka kifaa cha kurekebisha msukumo wa gesi kilichofungwa ndani ya jengo, ambacho bomba lake la kutolea hewa nje halikuwa limeunganishwa. Ukisikia harufu ya gesi, toka kwanza, kisha piga 911 ukiwa nje, na usione haya ikiwa harufu ilikwisha kuripotiwa na mwingine. Hakuna mzimamoto atakayekulaumu kwa kuita mara ya pili.

Sasa nirudi kwenye swali la kama mtu wa kujitolea huingia motoni. Huingia, kwa masharti yaleyale ya mwajiriwa. Masomo ya msingi ya uzimaji moto na ya huduma ya kwanza kwa wagonjwa hutolewa na taasisi ya Chuo Kikuu cha Maryland iliyopo College Park, bila ada kwa wanachama, na huchukua miezi ya jioni na Jumamosi. Kanuni za usalama kazini hazibagui: wanaoingia katika hewa ya sumu ni wawili au zaidi wasioachana, na nje husimama wengine wawili waliovaa tayari kuwafuata, isipokuwa pale ambapo kuna uhai wa kuokoa mara moja. Kila mmoja hubeba mtungi wa hewa wenye king'ora kinacholia chenyewe akikaa bila kusogea kwa sekunde 30 hivi. Sauti hiyo ikisikika, kila mtu uwanjani huelewa maana yake.

Katika vitongoji vyetu vilivyosongamana wengi wetu hatukimbilii motoni kutoka nyumbani kama inavyofanyika vijijini; hulala kituoni kwa zamu ya usiku, pamoja na waajiriwa, na kengele ikilia tunapanda gari moja. Sehemu kubwa ya miito ni ya wagonjwa: wazee walioanguka, pumu, sukari kushuka, ajali za magari. Moto wa nyumba ni sehemu ndogo ya kazi.

Idadi ya watu wa kujitolea nchini Marekani imepungua kutoka 897,750 mwaka 1984, na sababu zake ninaziona kwa macho yangu. Kodi za nyumba zimepanda, wengi wana kazi mbili, na masomo yanayohitajika yameongezeka, tena kwa haki. Kaunti hujaribu kuwashikilia watu kwa kiinua mgongo kidogo cha miaka ya utumishi, na sheria ya serikali kuu ya mwaka 1976 huihesabu familia ya aliyekufa kazini sawa na ya mwajiriwa. Mambo hayo ni mazuri, ila hayatoshi kumwondolea mama mwenye zamu mbili za kutunza wazee uchovu wake.

Hata hivyo nafasi zipo kwa watu wa hali mbalimbali. Si lazima mtu avae mtungi wa hewa. Vituo vinahitaji wahudumu wa gari la wagonjwa, watunza hesabu na watu wa kufundisha usalama majumbani. Kwenye gari la wagonjwa Kiswahili kina kazi ya moja kwa moja, kwa sababu bibi aliyekuja kumtembelea mwanawe kutoka Moshi au Kisumu anapoulizwa dawa anazotumia, jibu lake linapaswa kueleweka palepale, kabla mkalimani hajapatikana kwenye simu. Katika kituo changu uraia si sharti. Kinachotakiwa ni kibali halali cha kuishi hapa, uchunguzi wa afya na wa rekodi ya jinai, na usiku mmoja kwa wiki. Anayetaka kuanza na aende kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani kwake aulize mkutano wa wanachama hufanyika lini.