Siku moja maishani mwangu gerejini: AC ya Porsche 911 ya zamani, saa kwa saa

Saa 1:00 asubuhi

Gari la leo ni Porsche 911 ya mwishoni mwa miaka ya 1970, zile zenye injini nyuma inayopozwa kwa hewa. Kompresa (pampu ya gesi) imekaa kwenye injini, evapareta (inayopoza hewa ya ndani) iko mbele chini ya sakafu ya buti, na mipira ya gesi inapita urefu wote wa gari, kwenda na kurudi. Kondensa moja (inayotupa joto nje) imefungwa kwenye mfuniko wa injini, nyingine iko mbele karibu na bampa.

Wenye magari haya wengi huja na ombi moja: kompresa mpya, kubwa zaidi. Kwenye orodha yangu kompresa iko karibu na mwisho. AC hulibeba joto la ndani na kulitupa nje, na 911 inakwama kwenye kutupa. Kondensa ya mfuniko imekaa juu ya injini. Gari likisimama kwenye foleni, hewa ya moto inapanda na kuipitia, kisha feni ya injini inaivuta hewa hiyohiyo kwenda kupoza silinda. Kompresa yenye nguvu zaidi italeta shinikizo zaidi upande wa juu (wa gesi iliyokandamizwa) na mafuta ya injini yatapata moto zaidi. Baridi itabaki ileile.

Saa 1:30

Kabla ya spana yoyote kuguswa, tunapima. Kipimajoto kinaingizwa kwenye tundu la hewa la katikati, geji za shinikizo zinaunganishwa, injini inashikiliwa mizunguko 1500 kwa dakika, milango na madirisha vimefungwa. Namba zinaandikwa, maana bila namba za asubuhi hakuna atakayejua jioni kama kazi imefaa.

Halafu kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Hita ya 911 inachota joto kwenye maboksi yanayozunguka mabomba ya moshi, na vilango vyake vinafungwa kwa kebo. Kebo ikilegea au kilango kikipata kutu, hewa ya moto inaendelea kuingia miguuni hata kama wenzo wa hita umefungwa kabisa. Weka mkono kwenye matundu ya chini injini ikishapata moto. Ukihisi uvuguvugu, rekebisha kebo na vilango kwanza, maana AC inapigana na hita ndani ya chumba kimoja.

Kipimo cha mwisho ni volti kwenye plagi ya feni ya evapareta ikiwa kasi ya juu. Betri ikisoma 13.8 na feni ikapata 11.5, zaidi ya volti mbili zimepotelea kwenye swichi na viungio vya waya vilivyochoka. Feni hiyo inahitaji rilei yake (swichi inayowashwa kwa umeme), waya mpya kutoka betri na eathi safi. Ni kazi rahisi kuliko zote za leo, na dereva huisikia haraka.

Saa 2:30

Gesi ya zamani inatolewa kwa mashine ya kuvuta, na kabla ya hapo inapimwa aina yake. Gari la umri huu lilitoka kiwandani na R12, gesi ya AC ya zamani, lakini huenda limejazwa mchanganyiko wowote tangu hapo, hata wenye gesi inayowaka. Kuachia R12 hewani ni kosa: inaharibu tabaka la ozoni, ndiyo sababu Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiwekea mipaka na nchi zilizoendelea zikaacha kuitengeneza mwisho wa 1995. Tunaandika uzito uliotoka. Kama kilichotoka ni kidogo sana kuliko kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari, kuna mahali panapovuja, na kwa kawaida pana doa la mafuta na vumbi lililoganda.

Saa 3:30

Mipira yote inatoka. Hapa sikubali mjadala. Mipira ya enzi za R12 haina utando wa plastiki ndani, na molekuli za R134a, gesi tutakayojaza badala yake, ni ndogo kiasi cha kupenya kwenye raba. Unaweza kufunga kila kitu kipya, ukaacha mipira ya zamani, na msimu ujao mfumo ukawa nusu tupu bila hata tone la uvujaji kuonekana.

Mipira mipya ya aina yenye utando inakuja kwa namba: namba 6 kwa gesi iliyokwisha kuwa kimiminika kutoka kondensa hadi evapareta (ndani milimita 8), namba 8 kwa gesi ya moto kutoka kompresa (milimita 10), na namba 10 au 12 kwa njia ya kurudi (milimita 13 au 16). Kwenye 911 ile ya kurudi ni ndefu mno, kwa hiyo usiipunguze unene ili ipite kirahisi. Kila upungufu wa shinikizo hapo ni baridi iliyopotea.

Urefu unapimwa kwa gari lenyewe, mfuniko wa injini ukiwa wazi kabisa kisha ukiwa umefungwa. Mpira unaoenda kwenye mfuniko unapinda kila unapofunguliwa, na ukikatwa mfupi utavuja kwenye kiungio. Ncha zinabanwa kwa mashine baada ya kuziweka kwenye gari na kuchora alama ya mwelekeo kwa kalamu. Ncha iliyobanwa ikiangalia upande usio wake haizungushwi tena. Kila tundu linalofunguliwa linazibwa papo hapo, hata kama kiungio kitarudi baada ya dakika tano.

Saa 5:00

Kazi yenyewe ya siku: kondensa. Zile za asili ni bomba moja linalojikunja na mapezi. Mpya ni za mikondo sambamba, bapa, na kwa eneo lilelile zinatoa joto zaidi. Tunabadilisha ya mfuniko na ya mbele, kisha tunaongeza ya tatu ndani ya madigadi ya nyuma ikiwa na feni yake. Mtiririko ni kompresa, mfuniko, madigadi, mbele, draya (chupa ya kukausha gesi). Gesi ikiwa ya moto kuliko wakati wote inakutana kwanza na kondensa iliyo mahali pabaya, na inamalizia kupoa mbele, kwenye hewa safi.

Ukiwa na nafasi ya kondensa moja tu ya ziada, chagua mahali penye feni yake badala ya kuongeza ukubwa wa ile ya mfuniko. Joto lolote unalolitupa kwenye mfuniko linarudi kwenye injini.

Feni iwe na boksi linaloziba pembeni. Ikiwa imefungwa wazi juu ya kondensa inavuta hewa kutoka popote palipo rahisi, si kupitia mapezi. Halafu hakikisha inazunguka upande sahihi. Waya zikigeuzwa, feni ya umeme bado inazunguka na kupiga kelele, ila inasukuma hewa kinyume na upande inaotakiwa kupita. Karatasi ikiwekwa upande wa kuingilia hewa, inapaswa kunasa.

Saa 7:00 mchana

Evapareta inafunguliwa, na kwa kawaida ndani yake kuna majani, manyoya na tope. Ikisafishwa na kupimwa kwa naitrojeni bila kuvuja, inarudi. Ekspansheni valvu, inayopima gesi inayoingia kwenye evapareta, inabadilishwa na ya R134a. Kibofu chake cha kuhisi joto kinabanwa kwenye bomba la kutokea lililosuguliwa likang'aa, kisha kinafungwa kwa tepu nene ya kuzuia joto. Kibofu kilichoachwa wazi kinahisi joto la hewa inayokizunguka, valvu inafunguka kupita kiasi, na gesi inarudi kwenye kompresa ikiwa bado kimiminika.

Waya wa thamostati unaingizwa katikati ya mapezi, mbali na ukingo. Ukikaa vibaya, evapareta inaganda barafu: gari linapoza vizuri mwanzoni, kisha hewa inapungua hadi kukata, na ukizima kwa muda inarudi. Mara nyingi ugonjwa huo hutibiwa kwa kuongeza gesi, na gesi haihusiki hata kidogo. Bomba la kutolea maji linapulizwa pia, la sivyo yanajaa kwenye boksi.

Oringi (pete za kuziba viungio) zote ni mpya, za raba ya HNBR, zikipakwa mafuta ya madini. Viungio vinakazwa kwa spana mbili, moja inashika na nyingine inazungusha, maana bomba la alumini husokoteka kabla ya nati kulalamika.

Saa 8:00

Sasa kompresa. Ile ya zamani, York ya pistoni mbili, ni imara, lakini ni nzito na inatetemesha injini nzima. Tunafunga Sanden SD5H14 yenye pistoni tano na ujazo wa sentimita za ujazo 138, kwa breketi ya kubadilishia. Ni ndogo kuliko York, na kwa kondensa tatu inatosha. Puli zikaguliwe kwa rula ndefu; zikipishana, mkanda utakula ukingo na kuruka. Mwanya wa klachi (inayounganisha puli na kompresa) uwe kati ya milimita 0.4 na 0.8.

Mafuta ya kompresa ni PAG, ya sintetiki, ya aina iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kompresa. Inakuja na mafuta ndani, kwa hiyo pima yaliyomo kabla ya kuongeza, kisha weka nyongeza ndogo kwa ajili ya kondensa, evapareta na mipira mirefu. Yakizidi, yanajikusanya ndani ya kondensa na kuchukua nafasi ya gesi. PAG inanyonya unyevu hewani, hivyo chupa iliyokaa wazi usiku kucha haifai.

Draya inafungwa mwisho kabisa, ikiwa na chembe za kunyonya unyevu za XH-7 au XH-9; zile za XH-5 za zamani hazipatani na R134a. Swichi ya shinikizo inawekwa hapo, ikate klachi chini ya takribani bar 2 na juu ya takribani bar 27.

Saa 8:45

Naitrojeni kavu bar 10, maji ya sabuni kila kiungio, na geji inaachwa nusu saa. Hewa ya kompresa ya matairi haitumiki, ina unyevu.

Saa 9:30 alasiri

Pampu ya vakyumu inawashwa ili kuvuta hewa na unyevu wote. Kwa mfumo mrefu hivi tunaiacha saa moja na nusu, na tunaamini geji ya maikroni (kipimo kidogo cha vakyumu; namba ikishuka, vakyumu ni bora), kwa sababu sindano ya geji ya kawaida inafika mwisho wakati maji bado yamo. Lengo ni chini ya maikroni 500. Tukifunga valvu, namba ikipanda hadi karibu 1000 na kutulia, kuna unyevu kidogo, pampu inaendelea. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Muda huu unatumika kwa umeme: rilei na fyuzi za feni za kondensa, na waya wa milimita za mraba 4 kwa ile ya mbele, kwa sababu ni mbali na ampea ni nyingi.

Saa 11:00 jioni

Gesi inajazwa kwa mizani. Kianzio ni asilimia 80 ya uzito wa R12 ulio kwenye kibandiko: kama ni gramu 1200, anza na 960. Kondensa zimeongezwa, kwa hiyo hakuna namba ya kiwanda inayolifaa gari hili tena. Kutoka hapo tunaongeza gramu 50 kila mara na kusoma kipimajoto. Kioo cha draya kisikudanganye: kwa R134a mapovu yanaweza kubaki hata ujazo ukiwa sahihi, na anayejaza hadi yaishe atakuwa amezidisha.

Kabla ya kuwasha, sahani ya mbele ya kompresa inazungushwa kwa mkono mara kumi, ili mafuta au kimiminika kilichojaa kwenye silinda kitoke bila kuvunja kitu.

Saa 11:40

Mizunguko 1500, nje nyuzi 30. Upande wa chini (wa gesi inayorudi kwenye kompresa) tunatafuta bar 1.5 hadi 2.5, wa juu bar 13 hadi 15. Upande wa juu ukipita hapo, mwagia maji kondensa ya mbele. Shinikizo likianguka na hewa ya ndani ikapoa, hewa haipiti vya kutosha; rudi kwenye feni na maboksi yake. Lisipobadilika sana, gesi imezidi au kuna hewa iliyobaki ndani. Upande wa chini ukishuka hadi vakyumu, valvu imeziba au unyevu umeganda ndani yake. Ya chini ikiwa juu na ya juu ikiwa chini, kompresa haisukumi.

Saa 12:15

Kibandiko kipya kinabandikwa chini ya mfuniko: R134a, gramu zilizoingia, aina na kiasi cha mafuta, tarehe. Kile cha R12 kinafutwa. Mkanda mpya hulegea mapema, kwa hiyo unakazwa tena baada ya kilomita 200 hivi, na siku hiyo viungio vya mfuniko wa injini vinapitiwa na kifaa cha kunusa gesi.