Mtoto Aliyeacha Kulia

Mdogo wangu amerudi kutoka Muscat. Jana usiku alinipigia simu, sauti imemkauka, akaniuliza, "Dada, hivi mtoto anaweza kumsahau mama yake?" Mwanawe alipomwona mlangoni alikwenda kujificha nyuma ya bibi yake, na zawadi zote zile hakuzigusa. Kabla sijamjibu, nilishamkumbuka yule mtoto wa kitanda cha dirishani.

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, niko kwenye mazoezi wodi ya watoto. Pikipiki ilikuwa imemgonga, akavunjika mfupa wa paja. Hakuwa ametimiza miaka miwili, na kwa watoto wa umri ule tiba ilikuwa kuwaning'iniza miguu: plasta inabandikwa pande zote mbili za mguu, bandeji inazungushwa juu yake, kamba inapitishwa kwenye chuma kilicho juu ya kitanda na kufungwa uzito. Miguu yote miwili, hata ule mzima. Makalio yanainuka kidogo tu, kiasi cha kiganja kupita chini yake. Kila zamu tulipitisha kiganja kuhakikisha, kisha tukagusa vidole vya miguu kuona kama bado vina joto. Mtoto hulala chali hivyo kwa wiki kadhaa. Hawezi kugeuka, wala hawezi kubebwa.

Mama yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji katika hospitali nyingine, siku zile zile. Bibi alikaa naye mwanzoni, kisha ikambidi aende kumwangalia mzazi. Mtoto akabaki na sisi na kina mama wa vitanda vya jirani, waliomnywesha uji pamoja na watoto wao. Mungu awalipe.

Alilia mpaka sauti ikamwishia, akawa anafumbua mdomo tu. Kila mwanamke aliyeingia na kitenge alimkazia macho, akishaona siye, anaanza upya. Halafu akanyamaza. Akawa anakula anachopewa, anamwachia yeyote amsafishe, na hata sindano haikumkunja uso. Wodi ikapumua. Kwenye kukabidhiana zamu ikawa inasemwa kwamba yule wa dirishani ameshazoea.

Sista wa wodi, mama mtu mzima aliyekuwa anakaribia kustaafu, alisimama pale kitandani muda mrefu. "Mtoto wa umri huu akiwapokea watu wote sawasawa, mwogopeni," alisema. "Amekata tamaa huyu. Mtafuteni mama yake."

Darasani tulikuwa tumeshasoma habari za James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyewachunguza watoto waliolazwa London bila wazazi. Aliona kwamba mtoto kwanza hupinga kwa kilio, kisha hukata tamaa, kisha hujitenga, na ile hatua ya mwisho ndiyo wodi huiona kuwa ni kupona. Mwaka 1952 alipowaonyesha madaktari filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa, wengi walikasirika. Ilipofika 1959, kamati ya serikali ya Uingereza ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote. Mimi niliyakariri hayo kama mambo ya mtihani, mambo ya Wazungu. Kilichonigusa zaidi ni kujua kwamba Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuwa amefanya kazi London na Robertson na daktari John Bowlby, alikuja Uganda mwaka 1954, akawa anazitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala na kuwaangalia watoto wachanga na mama zao. Aliona mtoto anatambaa kwenda mbali, anageuka kumtazama mama, anaendelea. Kwa hiyo sehemu ya elimu hii ya mtoto na mama yake ilipatikana hapa hapa kwetu, kwa mama za watu wanaofanana na sisi.

Mama alikuja alasiri. Alitembea ameinama, mkono mmoja kwenye kidonda, na bibi nyuma yake na kichanga. Alipofika kitandani akasema, "Baba. Baba yangu, nimekuja."

Mtoto alimtazama. Kisha akageuza kichwa upande wa dirisha.

Kichwa ndicho pekee alichoweza kukigeuza. Mama akazunguka kitanda polepole, akaenda upande wa dirishani, akainama tena. Mtoto akageuza kichwa upande wa pili. Yule mama akasimama pale, maziwa yakiwa yameshalowanisha gauni lake kifuani, akatutazama sote mmoja mmoja. "Amenisahau," akasema.

Sista alivuta kiti. "Kaa, mwanangu. Usimshike, usimwite. Kaa tu akuone."

Akakaa. Toroli la dawa likapita, likarudi. Mtoto alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye shuka, anauvuta na kuuachia. Mama akiangalia pembeni, yeye anamtupia jicho. Mama akigeuka, jicho limeshaondoka. Mimi naamini mtoto aliyekusahau hukukodolea macho kama mgeni yeyote. Kukukwepa namna ile ni lazima awe anakujua sana. Mwishowe ule mkono ukaacha uzi, ukashika pindo la kitenge cha mama, na uso bado umeelekea kwingine. Hapo mama akasogea. Mtoto akampiga kofi la uso, akalia kwa sauti niliyodhani imeshakufa.

Usiku ule wodi haikulala. Mama akiinua mguu tu, kilio. Watu wa zamu walilalamika, Sista akawaambia, "Anadai chake. Mwacheni adai."

Lakini kulikuwa na kichanga. Huwezi kumlaza mtoto wa siku chache kwenye wodi yenye nimonia na kuhara, na huwezi kumtenga na ziwa la mama yake. Sista aliamua bibi akae na kichanga barazani, mama awe anatoka kunyonyesha na kurudi, akiwa na mshono wake ule. Wapo wauguzi waliomwambia wazi kwamba anamhatarisha mtoto mmoja ili kumtuliza mwingine. Yeye alisema anawalea wote wawili. Watoto wote walitoka salama, ila sijapata kuamini kwamba hilo linatosha kuwafanya wale wauguzi wawe wamekosea. Siku hizi mimi ndiye napanga zamu, na mwezi haupiti bila kuja mama wa namna ile, mmoja mgongoni na mmoja kitandani. Baraza tulilonalo halina hata paa, na kila mara naamua upya.